Majibu ya Mzee wa Kiko: kiko kipya kwa anayeanza, tembo wa Sinya na gunzi la Kibaigwa

Mbukwenyi wasomaji. Tangu nigusie habari ya kiko, maswali yamekuwa mengi na mengi yanafanana, kwa hiyo leo nimechukua manne tu nikae nayo vizuri. La kwanza ndo refu na jibu lake ndo refu zaidi, mnivumilie.

Shikamoo mzee. Mimi ni msomaji wako wa Nkuhungu hapa Dodoma, nina miaka 34, ofisi yangu iko Mtumba. Kiko nimeanza miezi mitano iliyopita, nilinunua cha mpingo chenye kichwa cha simba kwa wauza vinyago nikiwa safarini, kizuri mno kwa macho ila kila nikivuta ulimi unawaka kama nimelamba pilipili, katikati kinaanza kugugumia maji, na kichwa kinapata moto mpaka siwezi kukishika. Nimetenga 150,000 nichukue kingine. Binamu yangu anakuja toka Ujerumani mwezi ujao, kanitumia picha za viko vitatu: kimoja kimenyooka, chekundu, kinang'aa kama kioo, cha pili kimepinda, kahawia, kina makunyanzi kama ganda la mti, cha tatu kikubwa cha kibuyu kama vya wapelelezi kwenye filamu. Nichukue kipi? Au tatizo ni mimi sijui kuvuta?

Marahaba mdogo wangu. Naanza na swali lako la mwisho maana ndo limebeba mengine yote: tatizo ni kiko na ni mkono wako pia, na ukibadilisha kiko bila kubadilisha mkono, baada ya miezi mitatu utaniandikia tena malalamiko yaleyale.

Kiko kwanza. Mpingo ni mti wetu, na wachongaji wake nawaheshimu sana, ila kwa bakuli la kiko, yaani pale tumbaku inapokaa, kwa mtu anayeanza haufai. Chukua kipande cha mpingo kitumbukize kwenye ndoo ya maji, kinazama kama jiwe. Mbao iliyoshikana hivyo hainywi unyevu, na tumbaku ikiungua inatoa maji, sasa hayo maji yaende wapi? Yanakaa chini ya bakuli, ndo huo mgugumio unaousikia, na mvuke wake ndo unakuchoma ulimi. Halafu mwangalie huyo simba, kwenye manyoya ya shingo mbao ni nene na mashavuni ni nyembamba, kwa hiyo joto linatokea pale pembamba na ndo hapo vidole vyako vinapokaa. Vinyago vingi pia vinang'arishwa kwa rangi ya viatu, juu ya meza haina shida kabisa, ila ikipata moto harufu yake unaivuta wewe. Kiweke kabatini kiwe pambo.

Mbao iliyozoeleka duniani kwa viko ni braya. Siyo mbao ya shina, ni fundo linaloota pale shina linapokutana na mizizi, la mti unaoitwa kitaalamu Erica arborea. Mti wenyewe hata sisi tunao, unaota juu Kilimanjaro kwenye baridi, lakini mafundo ya viko yanachimbwa nchi za Mediterania kama Italia, Ugiriki, Algeria na kisiwa cha Corsica, na mji wa Saint-Claude kule Ufaransa ndo ulijipatia jina kwa kuvitengeneza tangu miaka ya 1850. Fundo linachemshwa masaa mengi utomvu utoke, linakaushwa miezi na miezi, ndipo linachongwa. Linavumilia moto na linakunywa unyevu, na hela yako inalipia hayo mawili, siyo rangi.

Na hapa kwenye rangi naomba nikae kidogo, kwa sababu kiko changu cha kwanza kilikuwa kama hicho chekundu cha binamu yako. Nilikinunua duka moja la zawadi, jina silitaji, nilikipenda kwa sababu kilikuwa kinang'aa mpaka najiona usoni. Wiki ya pili vanishi ikaanza kuvimba vijipele vidogo vidogo kama ngozi iliyomwagikiwa chai, mi nikasema ni kawaida, nikaendelea. Jioni moja nimekaa barazani nikaona doa jeusi ubavuni, kubwa kama punje ya mahindi, nikalibonyeza kwa kidole gumba na kidole kikazama. Chini ya vanishi mbao ilikuwa na shimo limezibwa kwa puti, puti likaungua, kiko kikatoboka. Niliumia sana, hela ile niliikusanya miezi minne. Tangu siku hiyo kiko cha bei ndogo kinachong'aa kupita kiasi sikigusi, maana vanishi nene inaficha maovu na pia inaziba mbao isipumue.

Cha kibuyu kiache. Kibuyu chenyewe cha kweli kinabeba bakuli la jiwe jeupe ndani yake na ni kitu cha gharama, kwa 150,000 utakachopata kina uwezekano mkubwa wa kuwa cha kuigiza, na hata kingekuwa cha kweli ni kikubwa, hakiingii mfukoni, kinataka ukishike muda wote. Bakuli kubwa kwa anayeanza ni kujitesa, utaishia kuvuta kwa pupa ili kiishe.

Chukua cha pili, hicho cha makunyanzi. Braya ikiwa na vidosari juu juu fundi anaichonga makunyanzi badala ya kuipaka puti, kwa hiyo unapata mbao nzima kwa bei ya chini kuliko laini, na yale makunyanzi yanasaidia kutoa joto. Kile kupinda kunafanya uzito ukae karibu na kidevu, meno hayachoki. Ubaya wa kilichopinda ni kwamba maji yanapenda kukusanyika pale kwenye kona, na kijiti cha kusafishia wakati mwingine kinagoma kupita, kwa hiyo hili lazima lipimwe dukani kabla hela haijatoka.

Mwambie binamu akiwa dukani akupigie video. Mwambie apitishe kijiti kile chenye manyoya kutoka mdomoni mpaka kitokee ndani ya bakuli bila kukichomoa kiko, kisipopita aachane nacho. Kisha aangalie ndani ya bakuli kwa tochi ya simu: tundu la moshi linatakiwa litokee chini kabisa, katikati. Likitokea juu kidogo ya kitako, tumbaku ya chini haitaungua hata siku moja, itabaki uji mweusi, na likitokea pembeni, moto utakula upande mmoja. Hilo tundu ndo kiko chenyewe mdogo wangu, mengine yote ni sura. Kisha avute kikiwa kitupu, hewa ipite kama anakunywa soda kwa mrija, akisikia mluzi au akavuta kwa nguvu, tundu ni jembamba. Akielekeze kwenye mwanga pale mrija, yaani kile kipande cha mdomoni, unapoingia kwenye mbao, mwanga usipenye. Ukuta wa bakuli usipungue milimita 6, upana wa ndani kama milimita 19 au 20 na kina milimita 35 hadi 40, hiyo ni saizi ya kati, itakupa kama dakika 40 za kuvuta taratibu.

Kitu kingine muhimu kwa sababu kinatoka Ujerumani: wajerumani wanapenda viko vyenye nafasi ya chujio la milimita 9 ndani ya mrija. Ni vizuri, ila chujio ukishalitumia unalitupa, na hapa Dodoma utalipata wapi? Bila chujio ile nafasi inabaki pango la kukusanya maji. Aombe kisicho na chujio, au wampe na kile kipande cha kuziba nafasi.

Mrija wenyewe unakuja wa aina mbili. Wa mpira mgumu ni laini kwenye meno, ila jua linaugeuza rangi ya kijani kibichi yenye ukahawia na ladha inakuwa chungu, na jua letu mnalijua, kiko kikikaa juu ya dashibodi Julai yote umekwisha. Wa akriliki ni mgumu kwenye meno lakini haubadiliki rangi. Kwa Dodoma mi nasema akriliki.

Ila kuna kitu hukuniuliza na ndo ushauri wangu wa kwanza: kabla ya braya, mwambie akuagizie kiko cha gunzi la mahindi. Usicheke. Kampuni ya Missouri Meerschaum ipo mji wa Washington, jimbo la Missouri huko Marekani, tangu 1869, kazi yao ni hiyo hiyo, na kimoja cha kawaida kule ni cha bei ndogo. Ni chepesi kama hakipo mdomoni, kinakunywa unyevu vizuri, hakihitaji kuzoeshwa moto kidogo kidogo kwanza, na ukikiunguza kwa ujinga wa kuanza hulii. Makosa yako yote yafanyie humo. Kama hela haitoshi vyote viwili, chukua gunzi, braya isubiri.

Sasa mkono. Ninavyokuelewa wewe unavuta kiko kama sigara. Kiko hakivutwi kifuani, moshi unakaa mdomoni unatoka, na unavuta kidogo kidogo kama mtu anayeonja chai ya moto. Kikikuunguza mkono umekwenda mbio, kiweke chini. Kikizima kizime, washa tena, watu wazoefu wanawasha mara tatu nne na hakuna anayewashangaa. Tumbaku ijaze kwa awamu tatu, wazee wanasema ya chini uishindilie kwa mkono wa mtoto, ya kati kwa mkono wa mwanamke, ya juu kwa mkono wa mwanaume. Washa mara ya kwanza, itafura juu, ishindilie taratibu, ndipo uwashe mara ya pili na hapo ndo unaanza kuvuta. Cha kushindilia usinunue, msumari wa nchi nne kichwa chake bapa kinatosha kabisa, mi wangu ninao tangu nijenge nyumba, umekuwa mweusi tii na kichwa chake kimesuguliwa mpaka kinateleza. Washa kwa kiberiti, subiri kile kichwa cha njiti kiishe kuungua ndipo usogeze, au gesi, lakini kiberiti cha petroli hapana, ladha yake inaingia kwenye mbao.

Upepo wa Dodoma pia unachangia. Kuanzia Juni mpaka Agosti mwishoni ukikaa nje upepo unakuwa unavuta na wewe, yaani unapuliza kaa la moto kama mvukuto wa mfua chuma, hata kiko kizuri kitaungua. Kaa upande wa ukuta. Ukavu wetu nao unakausha tumbaku ndani ya siku mbili, iweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, ile ya asali ikishaoshwa vizuri inafaa. Ila zile zenye manukato zinakuja zimelowa mno, hizo zitandaze kwenye sahani nusu saa kwanza. Ukibana kati ya vidole ikagandana kama ugali, bado.

Kikiisha, kiache kipoe kabisa ndo uchomoe mrija, ukichomoa kikiwa cha moto mbao imetanuka utapasua. Usikigonge kwenye tofali kutoa majivu. Kipumzishe siku nzima kabla ya kuvuta tena. Ndani ya bakuli utajengeka utando wa mkaa, huo usiuondoe wote, unene wa milimita moja unalinda mbao.

Na usije ukawasha ofisini huko Mtumba, Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya 2003 inakataza kuvuta sehemu za umma, tena nyumbani kama kuna watoto toka nje, hilo nakuomba mimi siyo sheria.

Mzee habari. Mimi ni dada wa hapa Area D. Marehemu baba alifanya kazi Arusha miaka ya zamani, kwenye sanduku lake tumekuta kiko kizito kidogo, bakuli limevalishwa ngozi, ndani kama udongo wa kijivu, na kwenye mrija kuna alama ya tembo. Mdogo wangu wa kiume ndo ameanza kuvuta anakitaka akitumie. Kinafaa au kitapasuka?

Nzuri dada yangu, na poleni na msiba. Barua yako imenifanya nisimame nitembee uani kwanza. Hicho ulichoshika si udongo, ni jiwe linaloitwa mishamu, na kwa maelezo yako, ngozi, tembo na Arusha, karibu nina uhakika ni moja ya viko vilivyouzwa kwa jina lenyewe hilo la Kiko. Jiwe lake lilichimbwa Sinya, kule Longido mpakani na Kenya, bonde lilelile la Amboseli, na viko vilitengenezwa hapa kwetu vikapelekwa mpaka Ulaya na Marekani. Vijana wengi hawajui kama Tanzania iliwahi kuuza viko nje. Mishamu inayosifika zaidi ni ya Eskişehir huko Uturuki, nyeupe na nyepesi, ya kwetu ni nzito kidogo na haina weupe ule, ndo maana nyingi zilivalishwa ngozi au kupakwa rangi, ila kwa kuvuta zinafanya kazi.

Kinafaa kwa anayeanza, tena mishamu haihitaji kuzoeshwa na haipitishi ladha ya jana kwenye tumbaku ya leo. Lakini ni jiwe laini, kikianguka kwenye sakafu ya saruji ndo basi, na kikilowa kinalainika zaidi. Asikiingize kwenye maji wala asijaze chumvi na spiriti kama wanavyosafisha vya braya. Kama ndani kuna utando wa zamani autoe wote taratibu kwa kisu butu, mishamu haitakiwi kujengewa utando, unatanuka kwa joto unapasua jiwe. Mrija peke yake ndo asafishe kwa pombe kali ya kunywa, hata konyagi, ila spiriti ya taa asiiguse, ile ni sumu.

Mi ningekuwa yeye ningejifunza kwa kiko kingine mwaka mmoja, hiki nikakivuta siku za maana tu. Ni cha baba.

Mzee mambo vipi, mimi ni bodaboda wa Chang'ombe, navuta sigara pakiti moja kwa siku, nimesikia kiko hakina madhara kama sigara, nataka nihamie huko ili niache taratibu. Ni sawa?

Hapana mdogo wangu, na nakujibu kwa kirefu cha moyo japo kwa maneno machache. Kiko nacho kinaleta kansa, ya mdomo, ya koo, ya mapafu, na kinaumiza moyo, nikotini ni ileile. Na wewe umeshazoea kuvuta kifuani, watu wa sigara wakihamia kiko huwa wanaendelea kukivuta kifuani hivyo hivyo, sasa moshi wa kiko ni mzito, utaendelea kujiumiza. Ninayoyaandika hapa ni kwa mtu mzima ambaye tayari anavuta kiko na anataka kujua anachokishika, siyo njia ya kuachia kitu. Ukitaka kuacha nenda ukaongee na daktari, kuna dawa za kusaidia kuacha, na uanze na ile sigara ya asubuhi kabla ya chai, ukiweza kuisogeza mpaka saa nne umeshapiga hatua. Niandikie tena unieleze umefikia wapi, nitasubiri.

Habari mzee, nipo Kibaigwa, magunzi hapa sokoni ni ya kuchomea tu. Naweza kutengeneza kiko mwenyewe?

Unaweza, wala siyo kazi kubwa. Ila mahindi yetu mengi gunzi lake ni jembamba na moyo wake ni laini, wale wa Missouri wana mbegu yao maalum yenye gunzi nene, wanayaweka yakauke mpaka miaka 2, wakishatoboa wanapaka plasta nje kuziba vile vishimo vya punje. Kwa hiyo pita kwenye rundo uchague nene kuliko yote, lisilo na ukungu wala alama ya dawa ya kuhifadhia, hili la dawa usilifanyie mchezo. Liweke juu ya dari msimu mzima likauke mpaka ukiligonga linalia kavu. Kata urefu wa vidole vitatu, chimba moyo kwa kisu mpaka kipenyo cha kidole cha shahada, uache kitako kinene kama sentimita moja. Tundu la mrija toboa kwa msumari uliopashwa moto, litokee chini kabisa kama nilivyomwambia wa Nkuhungu, na mrija tumia mwanzi mwembamba, plastiki hapana, itayeyuka. Bila plasta kitakuhudumia wiki chache tu. Mara ya kwanza jaza nusu, vutia nje, na ukiona kitako kimekuwa cheusi mpaka upande wa nje kitupe, chonga kingine, Kibaigwa magunzi hayaishi.